Wamekua kwa Kula Nini?

Nyumba ya Fundi Futi haikuwa na viti. Ilikuwa na madarasa. Mgeni akipiga hodi, mke wa fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, alimkaribisha akae darasa la nne, kwa sababu robota la sare za darasa la nne lilikuwa pana na halikumtupa mtu. Mgeni wa heshima alipewa la sita. Watoto waliotumwa kuomba chumvi walikaa la kwanza na la pili, yaliyowekwa karibu na mlango ili wasizoee. Na Bibi, mama mzazi wa Mama Vifungo, aliyekuja kuwasalimu kwa siku chache tu, mabasi yakapigwa marufuku hata hajafungua mzigo wake, alilala juu ya la tano na la saba yaliyounganishwa. Kila asubuhi aliamka akishika ubavu, akisema la saba lina vifungo vikali.

Viti vyenyewe vilikuwa vimeuzwa, na meza, na kabati lenye kioo. Yaliyobaki ni cherehani moja na sare za shule nzima, ambazo Fundi Futi alimaliza kuzishona wiki ileile ugonjwa ulipoingia na amri ikatoka kwamba kila mtu akae kwake. Mwalimu Mkuu alisema wanafunzi wakae kwao, sare zikae kwa fundi, na malipo yakae shuleni mpaka milango ifunguliwe. Kila kitu kikakaa. Kitu pekee ambacho hakikukaa ni kodi ya kibanda cha kushonea, na mwenye kibanda alipochoka kupewa pole badala ya kodi, alitundika kufuli kubwa mlangoni, kubwa kuliko mlango wenyewe ulivyostahili. Malipo ya zile sare ndiyo yangelifungua. Hapakuwa na njia nyingine, na ndani ya nyumba ile hata paka alilijua hilo.

Fundi hakuitwa Futi bure. Futi yake ya kupimia ilikaa shingoni asubuhi na jioni, hata wakati wa kufungiwa ndani alipokuwa akishona magunia ya watu, na gunia halina kiuno. Alikuwa na msemo wake: "Mimi nikishapima, nimepima." Hakupima mtu mara mbili. Aliona kupima mara mbili ni sawa na kuapa mara mbili; mwenye kufanya hivyo ana lake jambo.

Basi jioni ile Bibi alikuwa amekumbatia redio juu ya kitanda chake cha madarasa, mara akainua mkono watu wanyamaze.

"Shule zinafunguliwa," alisema. "Jumatatu ijayo."

Fundi Futi aliruka. Alimshika mkewe mikono, akakumbuka mama mkwe yupo, akaiachia upesi, akaruka peke yake. "Nilisema! Sikusema? Kufuli limekwisha kazi!"

"Na mimi nitalala wapi?" Bibi akauliza.

Hakuna aliyemjibu, maana binti yao wa pekee, aliyekuwa darasa la nne, alikwisha kuchomoa sare yake robotani na kukimbilia chumbani. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika mtu kuvaa. Alipotoka, alitembea kama aliyefungwa kamba. Mikono ya shati ilikomea kwenye viwiko, na sketi ilikuwa imeamua kuishia mahali ambapo sketi ya mtoto wa heshima haiishii.

"Toa pumzi," baba yake alimwambia.

"Nimeshaitoa, baba."

Papo hapo kifungo cha tumboni kikafyatuka, kikapiga redio, nayo ikahamia stesheni nyingine.

Mama Vifungo alikiokota kile kifungo. Alikuwa amekishona kwa mkono wake, nyuzi nne, na vifungo vyake havitoki ovyo. Alimtazama mwanawe toka juu hadi chini. "Baba," alimwambia mumewe taratibu, "watoto wamekua."

"Watoto gani? Huyu mmoja. Huyu anakula sana."

"Anakula nini, Fundi? Nitajie."

Fundi akajikuna kichwa kwa ncha ya futi. Kisha akashika njia nyingine. "Haya, sema wewe. Wamekua kwa kula nini? Mtaa mzima umelala njaa. Sisi wenyewe tumekunywa uji mwepesi hata unajiona uso ndani ya bakuli. Mtu hakui hivihivi tu, hukua kwa chakula. Kama chakula hakikuwepo, basi na kukua hakukuwepo."

"Mtoto haombi ruhusa ya kukua, mwanangu," Bibi alisema.

"Kwa heshima yako, mama, hayo ni maneno ya wazee. Mimi nasema mambo ya vipimo."

Na kuthibitisha mambo ya vipimo, alitoka mlangoni akaita watoto wa jirani.

*

Walikuja mbio wakidhani kuna cha kula. Mtoto wa darasa la pili aliingiza kichwa katika shati lake, kikapita, mabega yakagoma. Wa la tano alivaa suruali ikamfika katikati ya ugoko, akauliza kama hii ni ya kuchezea mpira. Ndugu wawili wa la tatu walikwama ndani ya mashati yao mikono ikiwa juu, ikabidi Mama Vifungo awachomoe mmoja mmoja kwa kuvuta. Fundi aliwazunguka watoto wale kwa macho ya mtu aliyeibiwa.

"Kitambaa kimerudi," alisema hatimaye. "Kimekaliwa mno. Kitambaa kikikaliwa hurudi, hupungua."

Bibi akashuka kitandani. "Unasema mimi ndiye niliyekifinyaza?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Maana la kwanza sijalilalia hata siku moja, na huyu wa la kwanza hapa kashindwa kupitisha hata goti."

Ilikuwa kweli. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa amekaa sakafuni, miguu yote miwili ndani ya mguu mmoja wa kaptula, akisubiri msaada. Na katika hali hiyo hodi ikapigwa, akaingia Mwalimu Mkuu.

Ilikuwa patashika. Mama Vifungo aliwasukumia watoto chumbani, wengine bado mikono juu, na Fundi akatupa shuka juu ya robota la darasa la sita, akalipigapiga likafanana na kochi. "Karibu, Mwalimu, karibu kitini."

"Hapo ni la sita, mwanangu," Bibi alisema kwa ukarimu. "Mwambie akae la nne, ndilo laini."

Fundi akakohoa sana. Mwalimu Mkuu alikaa, akatulia, akapapasa kochi chini yake kwa vidole, na akaamua kutouliza. Alikuwa mwanamke mrefu, msemaji wa maneno machache, na usoni alivaa barakoa safi ya kijani yenye mistari myembamba myeupe. Fundi alipoiona ile barakoa, macho yalimtoka pima.

Sababu ni hii. Pamoja na sare, Mwalimu Mkuu alikuwa amemwachia jora zima la akiba la kitambaa cha shule, kwa ajili ya viraka na wanafunzi wapya. Maji yalipozidi unga, Fundi alilikata jora lile vipande vipande, akashona barakoa, na Mama Vifungo akazipeleka mtaani kuzibadilisha kwa unga, sabuni na mafuta. Mtaa mzima ukavaa sare ya shule usoni. Sasa moja ilikuwa imezunguka mpaka ikamfikia mwenyewe.

"Unaitazama barakoa yangu, Fundi," Mwalimu Mkuu alisema. "Nimepewa zawadi na mzazi mmoja. Niliipenda, imefanana sana na rangi yetu."

"Imefanana, Mwalimu. Imefanana kabisa."

"Na lile jora la akiba lipo?"

"Lipo karibu sana," Fundi alijibu, na jasho likimtoka.

Mwalimu Mkuu akaeleza lililomleta. Alikuwa amefuatwa na mwenye Duka la Nguo Tayari, tajiri wa barabara kubwa, mwenye lori zima la sare zilizotoka kiwandani zikiwa na saizi ndogo, ya kati na kubwa. Yeye Mwalimu Mkuu hakutaka kumtupa fundi wake. Lakini shule nayo ilikuwa imekaa bila ada, na kamati haikuwa na mchezo. "Kwa hiyo nitalipa hivi: mwanafunzi akisimama mstarini Jumatatu amevaa sare inayomtosha, ninailipia. Isiyo na mtu ndani silipii. Na wakisimama wengi wamebanwa, kazi ya mwaka kesho inakwenda dukani. Zinawatosha, Fundi?"

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya kitu kikichanika, na mtoto akisema, "Si mimi."

"Mimi nikishapima, nimepima," alisema Fundi Futi.

Mwalimu Mkuu akaondoka. Mama Vifungo akaingia chumbani kuwachomoa watoto waliobaki wamekwama. Kupanda mchongoma kumekwisha. Kushuka ndiyo ngoma.

*

Fundi hakula usiku ule, ingawa kwa kweli hapakuwa na kikubwa cha kususia. Alikaa kwenye la tatu, futi shingoni, amekunja uso. "Saizi ndogo, ya kati na kubwa," alinong'ona. "Mtoto si gunia la mkaa."

"Baba," Mama Vifungo akasema. Alikuwa akikitazama kile kifungo kilichofyatuka. "Binti yetu ni wa la nne. Hebu tumvishe ya la tano."

"Ya la tano nimempimia mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine naye havai tena ya la tano. Tumvishe yeye ya la sita. Kila mtoto avae ya darasa la mbele yake. Wote wamekua pamoja, si mmoja."

Fundi alipinga kwanza kwa hasira, halafu kwa heshima ya kazi, halafu kwa kuwa amezoea tu. Mwisho binti akavaa ya la tano, ikamkaa. Haikumkaa kama ngozi, kama kazi za baba yake zilivyozoea kukaa, lakini ilimkaa kama nguo. Fundi akaizunguka. Akavuta bega, akavuta pindo. "Bega la mwenzake hili limelala kidogo," alisema kwa uchungu. Lakini alikubali.

"Na wa la saba?" Bibi aliuliza. "Wao mbele yao kuna nani?"

Mbele ya la saba hapakuwa na kitu. Sare za la saba zingevaliwa na la sita, na la saba wenyewe, wale vijana warefu, wangebaki uchi. Kitambaa kipya hakikupatikana, maana kiwanda kilichokifuma kilikuwa kimefungwa na mlinzi wake alikuwa akifuga kuku ndani. Kulikuwa na sare za la kwanza, ambazo sasa hazikumtosha mtu, zingefumuliwa. Lakini kaptula ya mtoto wa miaka saba haizai suruali ya kijana mwenye ndevu mbili.

"Kitambaa kipo," alisema Mama Vifungo, akainuka kutafuta kapu. "Kipo kwenye nyuso za watu."

*

Kuomba ni kazi, ila kuomba ulichokwisha kutoa ni kazi na nusu. Mama Vifungo alianzia kwa mwenye bucha, aliyekuwa amesimama mlangoni pake na barakoa ya kijani kidevuni.

"Barakoa yangu?" mwenye bucha aling'aka. "Mimi nilikupa utumbo, dada, nawe ukanipa barakoa. Utumbo mmeshakula. Au mnataka kunirudishia?"

"Nitakushonea nyingine, kaka. Nzuri, ya kitambaa kingine."

"Na aproni. Aproni yangu imechanika hapa."

"Na aproni."

"Na zipu ya suruali ya Jumapili."

Mama Vifungo akameza mate. "Na zipu."

Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Muuza vitumbua alikuwa akiitumia yake kushikia kikaango cha moto, ikawa nusu kijani nusu masizi. Mama mmoja alimfungia mtoto wake shingoni kuzuia udenda. Kinyozi alikuwa nazo tatu, akasema hatoi hata moja mpaka ahakikishiwe na serikali kwamba ugonjwa umekwisha, mwisho akaachia mbili. Kuna mwanamke aliyemwambia mbele ya watu, "Jamani, mafundi nao siku hizi wanakusanya matambara," na wenzake wakacheka, na Mama Vifungo akacheka nao kwa nguvu ili asilie. Mzee mmoja, mpangaji wa nyumba ya mwisho mtaani, alikataa katakata kuvua yake.

"Lakini mzee wangu, ugonjwa si umepungua?"

"Ugonjwa umepungua, mwanangu, mwenye nyumba hajapungua. Nikivaa hii hanitambui."

Alirudi jioni na kapu limejaa, miguu imevimba. Bibi akazichemsha barakoa zote katika sufuria kubwa, akizikoroga kwa mwiko na kuzitambua kila moja ilipoibuka: hii ya bucha, naijua kwa harufu, hii ya kinyozi, ina nywele, hii ina rangi ya mdomo, sitasema ya nani. Walizianika kwenye kamba, zikakauka zikipepea. Kisha Fundi Futi akakaa kwenye cherehani, na hapo jamani, tuseme ukweli wetu, maringo yake yote alikuwa na haki nayo. Aliviunganisha vile vipande mistari ikafuatana, mshono ukapita ndani ya mstari, mpaka ukitaka kuuona ilibidi uupapase. Na kila sare ya la saba, iliyokatwa kwa vipimo vya zamani na kuongezwa darasa moja, aliipa pindo pana lililokunjwa ndani, vidole vinne. Mkewe alishangaa, maana kitambaa kilikuwa cha kuokoteza na Fundi hakuwa mtu wa kukipoteza.

"Hilo pindo lote la nini?"

"Endelea na vifungo vyako," alisema Fundi.

*

Jumatatu wanafunzi walijipanga uwanjani. La kwanza walivaa la pili, la pili walivaa la tatu, na kijana mmoja wa la tatu akamuuliza Fundi kama sasa naye yuko la nne. "Umepanda nguo, hujapanda darasa," Fundi alimjibu. Mwalimu Mkuu alipita mstari baada ya mstari akivuta kola na kupima urefu wa sketi kwa jicho. Nyuma yake alitembea mwenye Duka la Nguo Tayari, aliyekuja kuona mwenyewe, na kwa kila mstari uso wake ulizidi kurefuka. Mama Vifungo alisimama kwenye uzio akifinya kanga yake.

Walifika la saba. Mwalimu Mkuu akainama juu ya bega la mvulana mmoja. "Mishono mbona mingi hapa?"

"Mtindo, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu akaigusa barakoa yake mwenyewe, akalitazama bega, akaitazama tena barakoa. Alimtazama Fundi muda mrefu. Kisha akaivua, akaikunja, akampa. "Chukua. Nadhani ni ya kwako."

Mwenye duka aliaga akasema lori linamsubiri. Mama Vifungo alitaka kupiga kigelegele, ila akakiacha, kwa kuwa mstari wa la saba ulikuwa umeishia njiani. Juu ya meza zilibaki sare, zimekunjwa vizuri, kila moja na kikaratasi cha mwenyewe. Karibu nusu ya darasa.

"Hawa wako wapi?" Fundi aliuliza.

"Wako nje," alisema Mwalimu Mkuu, na sauti yake kavu ikalegea. "Huyu anabeba zege. Huyu kapelekwa kwa mjomba wake. Huyu anaosha vyombo hotelini nyuma ya soko. Nilienda kwao mara mbili. Kazi ya mwaka kesho ni yako, Fundi, umeistahili. Lakini hizi siwezi kuzilipia. Nilikwambia, isiyo na mtu ndani. Siku itakayovaliwa mstarini, nitailipa."

Kwa kuwa sare za la saba ndizo kubwa, ndizo zenye bei. Mama Vifungo hakuhitaji hesabu. Zilizolipwa zingenunua chakula, zingelipa sehemu ya kodi; kufuli lingebaki mahali pake. Na kazi ya mwaka kesho ingeshonewa wapi?

Walirudi na zile sare kapuni. Fundi akazimimina sakafuni. "Tuzifumue," alisema. "Zirudi kuwa barakoa, zirudi kuwa chochote."

"Usiziguse."

"Sasa zitafanya nini hapa? Zisubiri nani?"

Mama Vifungo aliiokota moja, sketi na shati, akasoma kikaratasi. Ni yule wa kuosha vyombo. Alimjua mama yake, msafishaji wa vyumba katika hoteli kubwa iliyofungwa tangu mwanzo wa ugonjwa; walikuwa wakikutana bombani. Akaona katika sketi ile kipande cha mwenye bucha na kipande cha kinyozi, na akahisi hasira ambayo hakujua imetoka wapi. "Nimetembea mtaa mzima nikiitwa mwokota matambara," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya mama yake na mumewe. "Watu wamevua nyuso zao wakanipa. Hii nguo ina mwenyewe. Kama haji kwa nguo, nguo itamwendea."

Fundi Futi akamtazama. Akaichukua futi iliyoning'inia kwenye cherehani, maana alikuwa ameivua kwa kukata tamaa, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona, akaivaa shingoni.

"Twende," alisema. "Si wamesema hawalipi mpaka ivaliwe? Basi itavaliwa."

*

Walimkuta msichana nyumbani kwao, ametoka kazini, mikono imekunjamana kwa maji. Chumba kilikuwa kimoja na ndoo mbili. Mama yake alipowaona na ile sare mkononi alielewa upesi, akaona haya, akaanza kutafuta pa kuwakalisha.

"Usihangaike," Mama Vifungo alisema. "Kwetu nako hakuna viti."

"Fundi, msinifikirie vibaya," yule mama alisema. "Napenda asome, nani hapendi? Lakini kinachoingia hapa sasa ni hiki anacholeta yeye. Mimi hoteli haijaniita. Wanasema watalii watarudi, watarudi. Mtu hapiki watarudi akala."

Fundi aliizungusha futi shingoni. Aliyesema ni Mama Vifungo. "Unajua kushona vifungo?"

"Mashuka yote ya hoteli ile yakichanika nilishona mimi."

"Basi. Sare zetu zimekaliwa na kulaliwa, vifungo vinafyatuka kama bisi. Na sasa kuna kazi ya mwaka kesho, shule nzima. Mikono yangu miwili haitoshi." Akavuta pumzi, akasema lile gumu. "Leo sina cha kukupa. Tukikipata hiki cha sare, kibanda kikafunguliwa, tutagawana. Ila hakifunguliwi mpaka watoto hawa wavae."

Yule mama alikuwa mtu aliyeahidiwa mengi mwaka ule. Aliwatazama wote wawili, fundi mwenye futi na mke mwenye miguu iliyovimba, na labda ni ile miguu iliyomshawishi. "Jaribu," alimwambia mwanawe.

Msichana akaingia nyuma ya pazia, akatoka. Shati lilimkaa, lakini sketi ilikuwa juu. Tangu alipopimwa alikuwa amepanda si darasa moja, bali mawili. Alisimama pale akiivuta chini kwa mikono yake iliyokunjamana, na mama yake akaona sasa ndiyo basi.

"Amekua, Fundi," alisema, kama anayeomba msamaha kwa kosa la nyumba yake. "Nisamehe. Sijui hata amekua kwa kula nini."

Mama Vifungo hakuthubutu kumtazama mumewe.

Fundi Futi alipiga magoti sakafuni. Akaivua futi shingoni na, mtu yule ambaye hakuwahi kumpima mtu mara mbili, akampima msichana kutoka kiunoni hadi chini ya goti, polepole, kisha akarudia. Halafu akageuza ncha ya sketi, akaukata uzi kwa meno, na kitambaa kikashuka, vidole vinne, kikafunika magoti kama ilivyotakiwa.

"Niliacha pindo," alisema. "Mama mkwe wangu aliniambia mtoto haombi ruhusa ya kukua. Mimi nikajifanya sikusikia."

*

Si wote waliovaa. Yule wa kwa mjomba hakupatikana, na mbeba zege alikuja siku mbili akatoroka, Fundi akamfuata tena na futi mpaka msimamizi wa ujenzi akadhani ni mkaguzi. Lakini walivaa wa kutosha, na malipo yao yakamaliza kodi. Mwenye kibanda alikuja kulifungua kufuli mwenyewe, akahangaika nalo kwa nusu saa kwa sababu lilikuwa limeshika kutu, na Fundi alimpa pole nyingi sana.

Asubuhi yake hodi ikapigwa nyumbani. Alikuwa mama yake msichana, na sindano yake mwenyewe ameichomeka kwenye kanga, tayari kwa kazi. Mama Vifungo akageuka kwa mazoea amwonyeshe la nne, akakuta sakafu tupu toka ukuta hadi ukuta. La nne lilikuwa shuleni. La sita lilikuwa shuleni. Bibi alikuwa amelala mkekani kwenye pembe, akilalamika usingizini kwamba sakafu ni ngumu na hapa si pa kulaza mtu mzima.

"Karibu, dada," Mama Vifungo alisema, akicheka kwa furaha. "Kwetu hakuna pa kukaa."